Kompresa Niliyoitangaza Imekufa

Mama Koinet,

Nimekwenda Isinya kumchukua mama yako, nimpeleke kliniki Kajiado vioo vikiwa vimefungwa na AC ikiwaka, asivute vumbi na kifua kile. Maziwa yachemshwe mapema.

Asubuhi niliwaamuru nyote mnyamaze, nikazima feni ya gari ili nisikie kompresa, ile pampu ya AC. Haikuzunguka. Nikatangaza imekufa, nikampigia mama yako simu kuahirisha safari. Ndipo ukauliza, "Baba Koinet, na feni ikizimwa, hiyo AC itawakaje?" Ukaiwasha, kompresa ikanguruma, ukacheka hadi majirani wakatoka. Ukiranja wa shule ya bweni ulinifunza kuamrisha kimya, si kuwasha feni.

Koinet aifute ile video aliyonirekodi nikitangaza.

Mama akiuliza fundi ni nani, ~~nitasema ni mimi~~ nitamtaja binti yake.

Baba Koinet