Chumba cha Mbita

Kaltum, uko dukani? Acha wateja kidogo unisome.

Ile safari yetu ya wiki moja kando ya ziwa imeniaibisha kabla hatujatoka Migori!

Mjukuu wangu Liz alikuwa anatusomea mpango: Homa Bay, kisha Mbita, kisha mashua hadi kisiwa cha Takawiri. Mara akasema, "Mbita nyanya atalala kwa Shangazi Mellen."

Kwa binti yangu aliyeolewa! Unajua sisi Waluo mama mkwe halali humo. Nikapiga kelele, "Nyumba ya mkwe? Mimi? Siwezi!"

Na mkwe mwenyewe, Joash, aliyekuja na Mellen kutuchukua, ameketi pale na chai yake. Pale pale, Kaltum!

Akaacha chai, akatoka. Mellen akaninong'oneza, "Mama, alikupakia rangi chumba chetu cha wageni."

Nikakosa pa kuweka uso.

Kumbe alitoka kupiga simu. Amerudi sasa hivi, macho chini: "Mama, utalala kwa jirani yetu, mjane. Asubuhi nitakuletea chai mlangoni kwake."

Rangi hakuitaja hata kidogo.

Nazunguka jikoni, kukaa siwezi. Nimemwambia Liz Mbita tukae siku mbili. Hicho chumba nitaenda kukiona mchana, nikakisifu mbele yake.