Siku Magari Yasiyonguruma Yalipofika Nkuhungu

Nkuhungu, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Najua kwa sasa hutaki kuiitikia, lakini nakupa tu kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Kahawa mmeshaianua, au mvua imewawahi? Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto linalovuma mchana kutwa na kidole kimoja kilichogoma kukunjika. Hapa kwetu ni upepo na vumbi, midomo imepasuka hata kucheka naogopa.

Dada Editha ameniambia kwa nini hupokei simu zangu. Kumbe ile video imefika mpaka kwenye simu za wanakwaya, ukaonyeshwa mbele za watu ukitoka misa. Anasema ulikaa chini pale pale kwenye ngazi za kanisa, ukasema, "Huyu si wangu." Neno hilo nimelisikia, Mama. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mjomba Otmari alikuja huku kwa shughuli zake na anarudi, nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Unamjua alivyo king'ang'anizi. Bora uifungue tu, la sivyo utampikia wiki nzima.

Kwanza nikuondolee shaka. Yule mwenye nondo ni mimi. Damu uliyoiona kwenye shati ni damu kweli, na mtu aliyelala chini ya miguu yangu alikuwa hajitambui. Sitakudanganya kwamba ni mtu tuliyefanana. Sasa nisomee mpaka mwisho, kisha unikane vizuri ukiwa unajua unachokikana.

Unakumbuka nilikwambia nimeacha kazi ya kuchuma zabibu Makutupora. Msimu ukiisha kule mnatazamana tu, hivyo nikaja mjini kwa Mzee Rajabu, Mrangi wa Kondoa, mwenye kibanda cha mabati cha kuonyeshea mpira hapa Nkuhungu. Kazi yangu ni mdomo. Napanda bajaji na kipaza sauti, nazunguka mitaani nikitangaza mechi ya leo ni ipi. Wewe ulisema mdomo wangu utaniua, kumbe ndio ulionilisha. Wa mitambo ni Yohana, Mgogo wa Haneti, kijana mpole mpaka anaudhi. King'amuzi, spika, nyaya, vyote ni vyake. Tunakaa chumba kimoja, na ananilisha mlenda kila siku ya Mungu, hata nikisema leo sitaki.

Basi akaja dada mmoja wa kampuni ya ving'amuzi, amevaa fulana inayong'aa, ameleta mabango na televisheni kubwa ajabu. Akasema kuna mashindano ya magari ya umeme, yanapendwa dunia nzima, na kampuni inataka watu wa huku nao wayazoee. Alituwekea tangazo lake. Mama, lile tangazo lilikuwa vita! Magari yanarukiana, yanabamiza ukuta, vipande vinaruka, chini wamepiga muziki wa ngoma nzito hata mabati yakatetemeka. Mzee Rajabu alitikisa kichwa kwa furaha. Mimi damu ilinichemka. Nikazunguka juma zima, Nkuhungu yote, mpaka sauti ikakauka: "Jumamosi mchana! Njooni muone magari yakiuana! Njooni msikie ngurumo itakayowang'oa meno!"

Yohana alinivuta pembeni. "Kosmasi, magari ya umeme hayangurumi. Mbona unawaahidi ngurumo?"

"Wewe endelea na nyaya zako," nikamjibu. "Ngurumo si tumeisikia kwenye tangazo?"

Jumamosi kibanda kilifurika. Kampuni ilitaka watu waingie bure, lakini Mzee Rajabu kwa tamaa yake akawalipisha mlangoni kama fainali. Watu wamebanana kwenye mabenchi, jua linachoma mabati, wengine wameshalewa tangu asubuhi. Nikachukua kipaza sauti nikawapandisha mori mpaka wakawa wanapiga mabenchi kwa miguu. Taa za kuanzia zikazimika, magari yakatoka.

Yakatoka kimya, Mama. Kulikuwa na kamlio kembamba tu, kama cherehani ya jirani. Watu walisubiri. Gari likapita, likapita lingine, wote wanasubiri ngurumo yangu.

"Fundi, weka sauti bwana!" mmoja akapiga kelele.

"Sauti ndiyo hiyo, kaka," Yohana akasema. "Nimefungua yote. Yanatumia umeme."

"Gari gani halina mlio? Hata bajaji inalia!"

"Hebu tazameni pembeni," mwingine akasema. "Yameandikwa chaji iliyobaki! Gari lina chaji kama simu?"

Ni kweli, kwenye kioo kila gari limeandikiwa chaji yake, na mengine yanawaka taa za rangi juu ya kichwa cha dereva. Hapo ndipo nikajua tumekwisha. Maana mtaa huu uliwahi kuliwa kiingilio. Kabla sijaja, jamaa mmoja aliwaita watu kwenye fainali, akawawekea gemu, ule mpira wa kuchezesha kwa vidole. Watu walishangilia kipindi kizima na kugombana na refa asiyekuwepo, wakashtuka pale bao lilipofungwa na mchezaji aliyekwisha kustaafu. Aibu ile haijawatoka mpaka leo. Wakitaniwa na watu wa mitaa mingine, wanapigana.

Kwa hiyo sauti ilipotoka nyuma, "Gemu! Wametuwekea gemu tena!", hakuna aliyebisha. Watu walisimama kwa pamoja. Mzee Rajabu alikumbatia mkoba wake akapenya kwenye upenyo wa mabati, mzee wa miaka ile, sijui alipitaje. Benchi la kwanza likarushwa, likaipiga ile televisheni katikati. Kioo kikapasuka na gari lililokuwa likiongoza bado linakimbia ndani yake. Halafu mtu akataja lile neno. "Mwizi ni huyu fundi!"

Unalijua neno hilo lilivyo. Kabla halijatajwa walikuwa watu waliodhulumiwa kiingilio. Lilipotajwa tu, nyuso zikabadilika. Yohana alikuwa ameinama anachomoa waya ili watu wasipigwe shoti. Wakampiga na spika mgongoni. Alipoinuka kusema, ngumi ikamvunja taya, nikaona mdomo wake umekaa upande. Akaanguka. Wakampanda. Walimkanyaga mkono wa kulia, wakamkanyaga mbavu, mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga mlangoni akavua kiatu akampiga nacho. Na sasa nikwambie lililo baya kuliko nondo: mimi nilikimbia. Nilitoka na wale wa kwanza, nikafika nje kwenye upepo, nikawa naona njia ya kwenda barabarani iko wazi na hakuna anayenitazama.

Nikasikia tena, "Mwizi! Mmalizeni mwizi!" Miguu ikagoma.

Nilikuwa mdogo siku ile ya gulio, lakini nakumbuka. Baba aliuawa kwa kusingiziwa ameiba baiskeli, nayo ni yake mwenyewe, kwa kuwa mtu mmoja alitaja neno na wengine wakaokota mawe. Nakumbuka ulivyonishika masikio yote mawili baada ya mazishi, ukaniapisha kwamba mtu akiwa chini, nisije nikasimama juu yake nimeshika kitu. Nimeishi na kiapo hicho kila mji nilioingia. Na kitu kinachonikasirisha kuhusu Baba, Mama, si wale waliopiga tu. Ni wale waliomjua, waliokunywa naye, waliotoka nje wakasimama kwenye upepo.

Nondo ile ndiyo tunayofungia mlango. Niliichomoa nikarudi ndani. Sikusema samahani, sikuomba njia. Wa kwanza nilimpiga kwenye goti, akakaa. Wa pili kwenye bega. Mwenye bucha wa mtaa wetu alikuwa ameinua tofali juu ya kichwa cha Yohana kwa mikono miwili. Nilimpiga mkono, nikausikia ukivunjika, nikafurahi. Nakwambia jinsi ilivyokuwa, nilifurahi, na furaha hiyo inanitisha mpaka sasa. Tofali likadondoka pembeni. Nikamweka Yohana katikati ya miguu yangu, nikainua nondo juu nikawa nazunguka nayo, napiga kelele, "Njoo! Nani anakuja? Njoo umguse!" Mtu akanirushia benchi likanipata sikio. Sikuanguka. Ningeanguka tungekuwa wawili.

Hapo ndipo ilipoanzia ile video. Aliyepiga alikuwa nje ya dirisha, akachukua pale tu nondo ilipo juu na mtu yuko chini, kisha sauti yangu wakaitoa wakaweka wimbo wa kuchekesha. Wameiandikia sijui nini, "Mpiga debe aua fundi." Polisi walipofika kwa ving'ora, mimi ndiye niliyefungwa pingu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Nililala mahabusu mpaka mama yake Yohana alipokuja kutoka Haneti kuwaeleza. Mwanawe alikuwa hawezi kusema, taya limefungwa waya, lakini alikuwa amemwandikia kwa mkono wa kushoto ni nani alifanya nini. Yule mama alinitoa pale, akanishika kichwa, akanisalimia "mbukwa" kwa Kigogo chao. Nililia kama sina akili.

Mwenye bucha nilikwenda kumpa pole. Alinifungia mlango. Nitarudi tena, na akifunga nitarudi tena.

Sasa usikie kichekesho. Yule dada wa kampuni amekuja na maua ya plastiki hospitali alikolazwa Yohana. Kumbe video imesambaa mno, na kila anayeiona anauliza hayo magari ni magari gani. Mtaa mzima unataka kuyaona. Mzee Rajabu ameshapiga mabati mapya. Huyo dada akaniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba nimekuwa sura inayojulikana, je, nitakubali kuwatangazia mbio zinazofuata, nikiwa nimeshika nondo ya plastiki? Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayobebwa na mjomba. Manesi wakanitoa nje. Na huko nje nikatambua kwamba hata mimi nilifanya kazi hiyo hiyo juma zima. Niliwaahidi watu magari yanayouana, wakaja wakiwa tayari.

Wodini kuna televisheni ndogo. Jumamosi moja wakaonyesha yale magari. Nilitaka kuizima, Yohana akanizuia kwa ishara. Tukatazama. Alichukua kalamu akaniandikia: "Sikiliza. Unasikia matairi." Nikatega sikio langu zima. Kweli, Mama. Kwa kuwa hakuna ngurumo, unasikia matairi yakishika lami, unasikia mpaka watu wanaoshangilia pembeni. Ni mchezo mzuri. Ungetosha wenyewe, bila mdomo wangu.

Nimewaza kuja nyumbani Krismasi hii. Sitaki kuja kama mgeni anayebisha hodi bila kujibiwa. Simu yangu itakapolia, pokea, hata kama ni kunigombeza. Nigombeze kwa sauti. Kimya chako kinaniumiza kuliko benchi.

Nisalimie Dada Editha, mwambie namshukuru kwa kusema ukweli. Nisalimie Bibi mzaa baba, asionyeshwe ile video, na kama ameshaonyeshwa, asomewe barua hii. Nisalimie mdogo wetu Gaudensia, yule mpenda magari, mwambie yapo yasiyo na moshi na kaka yake ameyaona. Mama yake Yohana anakusalimu, amekufungia mlenda mkavu, utaupata kwa Mjomba. Usiutupe, jitahidi.

Na yupo mwingine anayekusalimu. Amelala hapa karibu yangu, ameniomba karatasi. Mwandiko ni mbaya kwa kuwa anatumia mkono asiouzoea, nakuomba uusome taratibu.

Ni mimi mwanao,
Kosmasi

*Mama shikamoo. Mimi ndiye wa chini kwenye ile video. Ni wako huyu.*
*Yohana*