Jozi, Mbamba Bay

Dada Anastazia, shikamoo.

Ziwa limechafuka, meli ya Liuli haijaja, na mimi siwezi kutulia. Mchuuzi mmoja wa mitumba anachezesha karata za ishirini na moja hapa gatini, dau ni kikombe cha maharage. Pembeni ana dau lingine: karata zako mbili za kwanza zikifanana, anakulipa vikombe kumi. Mumeo amenasa hapo.

“Shemeji, kila tunda la kahawa lina punje mbili,” ananiambia. “Jozi itakosaje?”

Nikamwambia karata hazioti mtini. Ukishapewa ya kwanza zinabaki hamsini na moja, na zinazofanana nayo ni tatu tu. Utapata mara moja katika kumi na saba, naye analipa kumi. Shemeji akasikiliza, akasema ameelewa, kisha akachota kikombe kingine.

Sasa gunia la maharage ulilomfungia shangazi wa Liuli nimelikalia mwenyewe, asichote tena. Nimeinuka mara kadhaa kuangalia meli, na kila mara nimejikuta nimesimama kwenye karata.

Wasalimie watoto, na mvua isiwakatishe palizi. Utuombee meli ifike leo, dada, maana hesabu naijua na bado kiganja kinaniwasha.

Mdogo wako, Gaudensi