Betri ya Harusi ya Zainabu

Jumatano, 4 Agosti 1999
Betri tano mezani, vifuniko wazi. Betri ya ampea-saa sitini naichaji polepole kwa ampea sita, basi. Watu wa Kamembe bado wanaamini betri ni maharagwe: isipochemka haijaiva. Leo mteja kaniita mwanamke mwoga. Nimecheka. Betri yake waliichemsha sokoni, sasa haiwashi hata redio.

Ijumaa, 6 Agosti
Umeme hakuna tangu jana. Jumapili namwoza Zainabu, mwanangu wa pekee, na betri ya muziki iko tupu. Wakwe wanatoka Bukavu, upande wa Kongo, mpaka ukiwa wazi. Kwa vita hivi hujui. Wanapenda makuu, na midomo wanayo. Nina wasiwasi.

Jumamosi, 7 Agosti
Umeme umerudi alasiri. Mdogo wangu Hamisi, mkono tayari kwenye chaja.
"Yaya, dada yangu, tia ishirini, ichemke! Ao tubebe za bakiliya."
Za wateja zimejaa, ziko rafuni. Nimekataa yote mawili. Mali ya watu ni ya watu. Na ampea ishirini zitapinda sahani za ndani ya betri, gesi ijae chumbani, cheche moja tu na harusi inageuka matanga. Ampea sita. Hamisi kanuna. Zainabu kalia. Hilo limeniuma.

Jumapili, 8 Agosti
Umeme ulikatika jana saa nne usiku, betri ikaishia nusu. Muziki ukafa kabla bibi harusi hajatoka ndani. Maman Riziki, mama wa bwana harusi, akasema mbele ya wote:
"Ye ni fundi ya batri, na batri ya mutoto yake inakufa?"
Nikasimama. Nikamweleza: ningeichemsha ingeimba leo, kesho ikafa, na za wateja sigusi. Uso ulikuwa wa moto lakini sikuomba radhi. Wanawake wa kwetu wakaanza makofi na vigelegele. Zainabu akatoka kwa sauti zetu. Mrembo, jamani! Nilijivuna mpaka nikalia.

Alhamisi, 12 Agosti
Asubuhi Maman Riziki kavuka mpaka wa Rusizi I, mbebaji nyuma yake na betri ya taa za duka lake. Kaitua mezani.
"Kwetu banachemsha tu. Weye ulikatala hata juu ya mutoto yako. Hii yangu uichunge."
Nimemwambia aifuate Jumamosi, maana siichemshi. Hakubisha. Tumekunywa chai, tukazungumza habari za Zainabu.