Nani Alitafsiri Toleo la Kwanza?

Alhamisi, Kasese. Jua kali tangu asubuhi. Mwili umechoka, akili haitaki kutulia.

Wiki hii nina kazi moja: kuandika historia ya kampuni yetu ndogo ya uchapishaji. Tunatoa vitabu na jarida la siasa za dunia na utamaduni, bila chama wala serikali nyuma yetu. Mwalimu Baluku, mwanzilishi, husema alianza peke yake kule Kilembe, na taipureta ya kuazima.

Nimewasimulia wageni hivyo mara nyingi. Sikuwahi kuuliza chochote.

Juzi nilisoma toleo la kwanza. Karibu nusu ya makala zilitoka kwenye Kifaransa: habari za Kinshasa, za Aljeria, muziki wa Dakar. Mwalimu hajui Kifaransa.

Basi nani alitafsiri?

Nilipomwuliza, alikohoa. "Kuna mama mmoja wa Bwera, alisaidia kidogo."

Jana nikaenda Bwera. Mama Kavira, mzaliwa wa Kongo, anauza vitenge karibu na mpaka. Nilimpa lile toleo, akalipokea kwa mikono miwili, akaanza kutaja sentensi zake kwa kichwa hata kabla ya kuvaa miwani.

"Hii yote ni miye niliandika," akasema. "Baluku alijua siasa. Kifaransa, hapana. Tulikuwa tunabishana neno moja siku muzima!" Alicheka. Kisha akafungua ukurasa wa majina, akapitisha kidole polepole, juu hadi chini. "Sasa jina yangu iko wapi?"

Niliona aibu kama vile mimi ndiye niliyelifuta.

Leo nimempelekea Mwalimu rasimu. Sentensi ya kwanza inasema kampuni ilianzishwa na watu wawili. Alisoma, akarudia tena tangu mwanzo. Nilianza kuwaza nitatafuta kazi wapi.

"Niliogopa watu watasema jarida si langu," akasema mwishowe. "Mwanamke, tena wa ng'ambo ya mpaka."

Akachukua kalamu. Nilidhani anaikata sentensi ile. Aliandika jina la Mama Kavira kwa ukamilifu, pamoja na la baba yake ambalo mimi sikulijua, akalitanguliza mbele ya lake mwenyewe.

"Ukirudi Bwera, nitakuja."

Tunakwenda kesho. Sijui kama Mama Kavira atamsamehe, wala si kazi yangu kumwombea msamaha. Najiuliza tu: kati ya hao wawili, neno la kwanza litatoka kwa nani?