Funda la Kwanza

Jumatatu, 9 Juni
Nimekamua asali tangu asubuhi. Ndoo tatu. Kalamu inanata. Siku ya sabini na mbili bila pombe.
Kabula, binti yangu wa kwanza, kaleta habari. Wakwe wanakuja Jumamosi kutoka Kaliua kupokea jibu la posa. Dada yangu Nyamizi atapika wanzuki, pombe ya asali, kwa asali yangu hiihii. Na kwa mila, baba wa binti ndiye anayeonja kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu.
Nimesema sawa.

Jumanne, 10 Juni
Naogopa. Funda moja tu, najiambia. Nani alikufa kwa funda moja?
Mwaka juzi nilipiga funda moja msibani. Wiki tatu baadaye Mama Kabula alinikuta Isikizya, nimelala kando ya barabara, kiatu kimoja. Nyuki wangu wana adabu kuliko mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefanya ujinga. Nilichota kikombe kwenye mtungi wa dada, nikakiweka mezani chumbani. Mazoezi. Nikinusa tu nikazoea, Jumamosi itakuwa rahisi. Mtu anayerina asali bila glavu atashindwaje na kikombe?
Sijui nilikinyanyua saa ngapi. Mkono ni wangu, ila sikuutuma. Kilikuwa kimeshagusa mdomo wa chini Mama Kabula alipoangusha sufuria jikoni. Nikashtuka, kikanimwagikia kifuani.
Nikatamani kulinyonya shati. Naandika kwa sababu ni kweli.
Nilikimbilia kwa Mzee Ramadhani, fundi baiskeli, aliyeniingiza kwenye kikundi chetu cha walioacha pombe. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza yote.
"Kwa hiyo umeshindwa?"
Nikasema nimeshindwa.
"Basi ndiyo leo umeanza. Mwachie Mwenyezi Mungu, wewe huliwezi hili."
Nimerudi na hasira. Nimefuata dawa, napewa Mungu.

Ijumaa, 13 Juni
Saa tisa alasiri niliingia kanisani. Hapakuwa na mtu. Kuomba nimesahau. Nikasema, siwezi. Basi. Nikakaa.
Hakuna kilichotokea. Hofu iko palepale.
Nikikataa kuonja, wakwe watasema nini? Mwenye pombe anaikimbia pombe yake! Posa inaweza kuvunjika. Nikionja, Kabula ataolewa baba yake akitafutwa mitaroni.

Jumamosi, 14 Juni
Walikuja saba. Walikaa mkekani. Mshenga akanipa kata, imejaa. Harufu ya asali yangu mwenyewe.
Nikasema moyoni, siwezi, nishike wewe. Halafu nikasema kwa sauti:
"Wakwe zangu, pombe hii ni safi. Mimi ndiye sijiwezi. Nikionja, siachi."
Nyamizi akainamisha uso. Mshenga akakohoa. Nilijua nimemharibia mwanangu.
Kabula akainuka. Mwali hatakiwi hata kuonekana hapo. Akapiga goti, akaitoa kata mikononi mwangu, akanywa funda moja, akampelekea baba mkwe wake.
Mzee yule aliishika muda mrefu. Akanitazama. Akanywa.
"Endeleeni," akasema.
Posa imekubaliwa. Hakunitazama tena. Labda ananidharau. Sijui.

Jumapili, 15 Juni
Siku ya sabini na nane. Nyamizi kaja mapema kuuchukua mtungi. Hakunisalimia, bado amenuna.
Nilidhani nitaamka shujaa. Nimeamka na hofu ileile. Nimesema siwezi, kabla ya kuvaa viatu.
Kabula kaniletea chai. Kikombe alikijaza nusu tu, isimwagike kwa mikono yangu inavyotetemeka. Nimeinywa yote.
Sasa naosha ndoo.