Meza ya Watu Wanane

Mwanangu kifungua mimba,

Hujambo na wanao? Mimi usiniulize, mimi ni simba. Vile vidole vilivyovimba vikanitoa kwenye useremala, sasa vinashika randa tena. Daktari, binti wa umri wako, alinipa vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu, navimeza nikishakula. Juzi nikamwambia, "Binti yangu, hata ile huzuni ya tangu mke wangu afariki imeniachia."

Akasema, "Mzee, huenda ni dawa, huenda ni kurudi kazini. Vidonge hivi huwapunguzia wengine huzuni pia, si wote. Ila usijiongezee dozi."

"Basi mimi ndiye hao wengine!" Akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Kuna jambo nilikuficha. Kazi yangu ya mwisho kabla vidole havijagoma ilikuwa jeneza langu mwenyewe. Nililiegemeza ukutani, nikawa nangoja.

Jana nimelivunja. Mbao nzuri vile, nikazifukie? Nimetengeneza meza ya kulia. Inakaa watu wanane, maana baba yako ni mrefu. Njoo na wanao tuijaze.

Mimi baba yako, fundi asiye na mpinzani.